Kavu

Chupa imepita forodha mbili na barabara ya Kilifi
ikafika kwa Sinyora Ornella, meza ya nne,
imelazwa kwenye barafu kama samaki wa jana.
Karatasi yake haina mapambo:
jina la kijiji, mwaka wa mavuno,
na mstari wa mkono ulioparara wino:
shamba halikunyunyiziwa dawa, halikutiwa mbolea ya gunia.

"Onja, Mbeyu. Huwezi kuuza usichokijua.
Nyeupe hii. Kavu."

Nyeupe si nyeupe, ni rangi ya bua la mahindi.
Na kavu? Maji yanakuwaje makavu?
Kisima hukauka. Kanga hukauka kambani.
Koo la mdaiwa hukauka akimwona mdai.
Miaka thelathini na minne niko Malindi
sijasikia kinywaji kikiitwa kikavu
mpaka nilipokitia kinywani.

Kilipita. Sukari hakikuacha.
Kiliacha jiwe.

Ule udongo wa kula, wa mafungu, pale sokoni,
niliotafuna nikiwa na mimba ya Kadzo,
nikiuficha kwenye pindo la leso:
ndio huo. Umevaa kioo.

Sinyora anaeleza. Mzabibu uko mlimani,
juu ya kokoto, ubavuni mwa jabali,
mizizi inateremka kutafuta tone la maji
na njiani inalamba mawe.
"Shida ndiyo inayoupa ladha," anasema.
Natazama pete zake tatu. Nanyamaza.

Mamangu, Nyevu, alikuwa na mangwe
karibu na mdomo wa mto Sabaki.
Mabenchi matatu ya magogo,
mirija iliyozibwa nyuzi za kumbi nchani.
Wagema wakimletea vibuyu alfajiri
haulizi bei, haulizi habari za nyumbani.
Anamimina tone kiganjani, analamba.
"Hili la mchangani, jepesi, halina mgongo.
Hili la Magarini, udongo mwekundu, zito kama uji.
Na hili, Tsofa, lina kisima ndani yake.
Mbona umelitia maji, nami sijakusifu?"

Hakuna aliyemwita mtaalamu.
Askari walimwita jina jingine
wakamwaga mitungi yote mlangoni, mwezi wa tano,
nyuki wakalewa hadi Jumapili.

Leseni ya Sinyora iko ukutani, ndani ya fremu.
Naipangusa kila Jumatatu.

Masika, Sabaki huja na rangi ya chai ya maziwa,
bahari yote ya huku ikageuka,
wageni wakakunja taulo: chafu, chafu.
Mama alikuwa akicheka.
"Uchafu gani? Hiyo ni milima ya watu wa bara
inatujia kwa miguu."
Na minazi ya pale mdomoni iliinywa milima hiyo,
ikaipandisha shingo nzima hadi kwenye karasha,
kotama ikapita, ikadondoka usiku kucha.

Kwa hiyo mlima naujua.
Sijaupanda tu.

Meza ya nne wameketi, mume na mke, wamebabuka pua.
"Ikoje hii?"
Nimekariri orodha: tufaha la kijani, ua la mlozi,
matunda ambayo sijawahi kuyamenya.
Mdomo ukasema: "Ina udongo."
Mke akatazama mume.
"Udongo mzuri," nikaongeza, "wa kula."
Wakaagiza chupa nzima. Sijui kwa nini.

Saa sita usiku viti viko juu ya meza,
mpishi Mwaringa anahesabu visu.
Chini ya chupa pamebaki kidogo.
Glasi zote zimeoshwa.
Nikamimina tone kiganjani, nikalamba,
halafu nikalamba tena, pale penye mstari wa maisha.

Mama, hili la mbali. La mawe.
Mgema wake simjui, lakini
maji hakutia.